Rota ya Pijo la Mwalimu

Mafuta ya mgando siyaweki nyumbani kwangu. Baridi ya Nairobi ikianza na ngozi za wanangu zikipauka, nawapaka mafuta ya nazi, na mume wangu hunitania kwamba nawakaanga. Namwacha acheke. Kopo la mafuta ya mgando likifunguliwa karibu nami, hata iwe dukani, ghafla nina miaka minane, nimechuchumaa chini ya banda la mabati nje ya mji wa Isiolo, na Baba ananipa kitambaa na kuniambia nisugue bampa mpaka nijione uso.

Bampa lenyewe lilikuwa la Pijo 404, gari la mzee mmoja wa Meru, Mwalimu Kirimi. Alikuwa amestaafu, na ukimuuliza habari za watoto wake alikujibu kwa maneno matatu, lakini ukimuuliza habari za Pijo alivuta kiti. Huko kwake juu, kuanzia mwezi wa sita ukungu hushuka na kukaa. Nguo hazikauki, ukuta unatoka jasho, na bati la gari linaota kutu hata likifunikwa vipi. Kwetu Isiolo, mwendo wa saa moja tu kuteremka, hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Kwa hiyo kila mwaka baridi ilipokaribia, Mwalimu aliliteremsha Pijo polepole, akaliacha kwetu miezi mitatu, akarudi kwao kwa gari la abiria akiwa ameshika koti mkononi.

"Fundi, habari ya hapa?" alizoea kusema akishuka. "Nimekuletea mgonjwa wako wa mapafu."

"Karibu Mwalimu. Hapa atapona," Baba alimjibu kila mara, naye alilizunguka gari zima kabla hata ya kumpa mzee maji ya kunywa.

Baba alikuwa fundi, na pia alikuwa na lori la kubebea mifugo na bidhaa kati ya Isiolo na Merti. Lori alilitukana kila siku. Pijo hakulitukana hata mara moja. Kulilaza, kama tulivyosema nyumbani, kulichukua siku mbili, na mimi na kaka yangu Liban tuliruhusiwa kusaidia. Tuliliosha, tukalikausha kwa matambara ya pamba, tukapaka mafuta ya mgando kila mahali palipong'aa. Baba alitoa plagi, akadondosha oili kidogo kwenye kila tundu, akaizungusha injini kwa mkono ili oili ienee. Alitoa betri akaiweka juu ya ubao, na kila juma aliichaji kwa mashine ya lori. Aliziba ekzosi kwa tambara ili panya wasiingie, akaweka vidonge vyeupe vya kufukuza nondo chini ya viti, akaliinua kwa jeki na kulikalisha juu ya mawe manne ya kuchonga, magurudumu yakabaki hewani. Mwisho Mama alileta shuka kubwa la bafta alilolishona yeye mwenyewe, wakalitandika juu ya gari, Baba upande huu na Mama upande ule, wakivutana na kucheka. Mama alikuwa na kicheko cha chini chini, cha mtu aliyekatazwa kucheka. Nakikumbuka vizuri kuliko ninavyoikumbuka sura yake, na hilo linaniuma.

Lakini kabla ya shuka kulikuwa na rota. Rota ni kidude kidogo cha kahawia, hakizidi kidole gumba, kinachokaa ndani ya kifuniko ambamo nyaya za plagi zote hukutana. Ukikitoa, gari halina moto. Unaweza kuwa na ufunguo, betri na tangi lililojaa, injini itazunguka mpaka ichoke bila kuwaka. Baba alianza kukitoa baada ya binamu yake mmoja kuchukua gari la mteja bila ruhusa, akaenda nalo harusini, akalirudisha limebonyea mlango. Baba hakuwahi kuisahau aibu ile. Kwake gari lililolazwa lilikuwa amana, na amana haiguswi, hata kwa kusogezwa kivulini. Akishaitoa rota, alimpa mtoto wake mmoja aifiche, kwa siri, bila mtu mwingine kujua ni nani amepewa.

Pengine nyumba nyingine wangelicheka jambo hilo. Kwetu lilikuwa na mizizi. Babu yake Baba aliletwa Isiolo akiwa askari wa Mwingereza, kama babu wengi wa familia za Kisomali za mji ule, na hadithi tuliyolelewa nayo ni ya jinsi alivyolinda ghala la bunduki. Siku moja afande wake mwenyewe alikuja bila karatasi ya amri, akadai ufunguo. Akafoka, akatisha, akabembeleza. Babu akakataa. Kumbe alikuwa anajaribiwa, na jioni yake akapandishwa cheo mbele ya wenzake. Ayeyo, nyanya yetu mzaa baba, alikuwa akitusimulia kisa kile tukiwa tunakula, na akifika mahali pa afande kufoka alikuwa akisimama kabisa na kufoka. Tulimpenda sana pale.

Basi Baba naye alitujaribu. Kila mwaka, katikati ya ile miezi mitatu, alimtuma mtu kumwendea mtoto mwenye rota na kumwomba. Mwaka wa Liban alimtuma Ayeyo. Ayeyo alijitupa kwenye mkeka, akashika tumbo, akalia kwamba anakufa, lazima jirani yetu Mzee Galgalo ampeleke hospitali kwa Pijo. "Si mchezo, Liban! Leta hiyo kitu, mimi nakufa!" Liban, maskini, alikimbia akaileta huku kamasi zinamtoka. Ayeyo akaketi, akafunga vizuri mtandio wake, akamcheka. Baba akatokea nyuma ya mlango. Hakumgombeza, alimpapasa kichwa tu na kumwambia babu mkubwa angesikitika, lakini sisi wengine tulimwita daktari wa Ayeyo mwaka mzima. Mimi ndiye niliyemwita hivyo zaidi ya wote.

Mwaka uliofuata Baba aliniita nyuma ya banda. Alinifungulia kiganja, na rota ilikuwa pale, imefungwa kwenye kitambaa.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Amana, Aabo." Ndivyo tulivyomwita Baba, Aabo, na Mama tulimwita Hooyo.

"Utampatia nani?"

"Wewe peke yako."

"Na Ayeyo akiomba?"

"Simpi."

"Na Hooyo akiomba?"

Nilisita. Akacheka, akanifinya shavu. "Hata Hooyo. Mama yako ndiye mjanja kuliko wote hapa."

Niliifunga rota kwenye uzi niliokuwa nauvaa kiunoni, ndani ya gauni, na nikalala nayo, nikaoga nayo, nikaenda nayo chuoni kusoma Korani. Ilinikwaruza mpaka ikanifanyia kovu dogo upande wa kulia. Sikuwahi kuwa na kitu changu peke yangu hapo kabla, na sijui kama nimewahi kuwa na kingine tangu hapo.

Mama alikuwa mjamzito. Hilo nililijua, si kwamba nilikuwa mjinga, nilikuwa nimeona mbuzi wakizaa. Lakini niliambiwa mtoto atakuja Mwalimu akishachukua gari lake, na mimi nilihesabu hivyo: kwanza Mwalimu, halafu mtoto. Ndiyo maana hata Baba hakuona ubaya kwenda Merti na lori wiki ile, akamchukua Liban kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Nyumbani tukabaki Mama, Ayeyo na mimi. Nyumba yetu ilikuwa nje ya mji, mwendo wa saa mbili kwa miguu, kando ya barabara ya vumbi. Malori ya kwenda na kurudi yalipita alfajiri, na baada ya hapo barabara ilibaki ya punda na mbuzi mpaka jioni.

Siku ya tatu, jua likiwa limeshapanda, nilikuwa nje nikichambua mchele. Ayeyo akatoka ndani haraka, bila viatu. Akaniinamia.

"Wewe. Aabo alikupatia kitu ya gari?"

Moyo ulinidunda kwa furaha. Nikasema moyoni, ndio hawa sasa, wameanza.

"Hapana," nikasema.

"Sema ukweli. Hooyo ni mgonjwa. Galgalo anataka kuwasha gari."

Hooyo ni mgonjwa! Nilitaka kucheka. Hata hawakujisumbua kutunga kitu kipya. Mwaka uliopita tumbo la Ayeyo, mwaka huu tumbo la Mama.

"Hajanipatia kitu," nikasema, nikaendelea kuokota mawe kwenye mchele.

"Wallahi si mchezo," Ayeyo akasema.

Nimeishi na neno lile. Mwaka wa Liban alisema si mchezo, lakini hakuapa. Ayeyo hakuwa mtu wa kumwapia Mungu uongo, hata kwa kucheza na wajukuu, na mimi nilimjua hivyo. Sikio langu lilisikia. Lakini nilikuwa nimejaa ushindi, na aliyejaa namna ile hasikii kitu kingine.

Kule bandani Mzee Galgalo alikuwa ameshalivua Pijo shuka. Galgalo alikuwa Mborana, jirani yetu wa miaka mingi, na zamani aliendesha lori la maji la serikali, kwa hiyo gari alilijua. Aliliteremsha Pijo kutoka kwenye mawe moja baada ya jingine, akafunga betri, akachukua ufunguo kwenye msumari. Nilisikia injini ikizunguka, ikazunguka tena, kwa ile sauti ya mtu anayekohoa bila kutoa kitu. Kisha nikasikia boneti ikifunguliwa. Akaja uani, mikono imejaa mafuta.

"Mtoto yangu," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "kama unajua mahali iko, niambie. Mimi nitasema na baba yako. Hatakuchapa."

Nikamtazama. Nikawaza, huyu mzee leo anaigiza vizuri. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni, na nilimheshimu kwa yale machozi.

"Labda Liban ameenda nayo," nikasema.

Mwisho wakaniita chumbani. Sikuwa nimeruhusiwa kuingia tangu asubuhi. Dirisha lilikuwa limefunikwa kanga, kuna joto na harufu ambayo sikuijua wakati ule. Mama alikuwa amelala kwenye godoro chini, amefunikwa mpaka shingoni, uso umelowa. Aliutoa mkono akanishika mkono wangu. Kiganja chake kilikuwa baridi.

"Mama," akaniita, kama alivyoniita siku zote akiwa na mapenzi. "Aabo alikupa ile kitu?"

Niliinama kumsikia, na nilipoinama rota ilinibana kiunoni. Ilikuwa pale, kati yetu, chini ya kitambaa cha gauni, haikuwa mbali na mkono wake hata shibiri mbili. Nikakumbuka, hata Hooyo. Nikakumbuka kwamba yeye ndiye mjanja kuliko wote. Nikasema, "Hapana, Hooyo."

Kisha nikamkonyeza.

Ndivyo nilivyofanya. Nilimkonyeza jicho mama yangu, ili ajue kwamba nimeshinda na tutacheka baadaye. Alinitazama kwa muda. Sijui kama alielewa. Kwa miaka mingi nimeomba kwamba hakuelewa, na miaka mingine nimeomba kwamba alielewa na akaniachilia. Aliniachia mkono, akageuza uso ukutani, akasema, "Sawa, mama. Nenda nje."

Walimpeleka kwa mkokoteni wa punda wa Galgalo. Walitandika godoro, wakamlaza, na Ayeyo akapanda akamshikia kichwa mapajani. Galgalo alitembea mbele akivuta punda kwa kamba, halafu akaanza kukimbia. Mimi nilisimama barabarani nikawapungia mkono. Niliwaza kwamba wamekwenda mbali sana kwa ajili ya mchezo, kwamba mwaka wa Liban hawakufika hata getini, na kwamba hiyo ilikuwa heshima yangu.

Mama alikufa kabla hawajaona nyumba za mji. Mtoto naye hakutoka.

Walirudi alasiri na watu wengi. Nilimwona Ayeyo akishuka, nguo yake mbele imekauka na kuwa ngumu, na wanawake wakampokea wakilia. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikawatazama wote, mmoja baada ya mwingine, nikisubiri wacheke. Nilingoja Ayeyo afunge mtandio wake vizuri. Nilingoja Baba atokee nyuma ya mlango. Mwanamke mmoja alinivuta akanikumbatia kifuani, akaniambia mama yangu amekwenda kwa Mungu, nami nikamwitikia kwa adabu, kwa sababu bado nilidhani mchezo haujaisha.

Baba alifika kesho yake asubuhi. Habari zilimkuta njiani, akaliendesha lori bila kusimama. Walikuwa wamemsubiri kwa ajili ya mazishi. Mama hakuwa ametoka ndani, na wakati huo nilikuwa nimeanza kuogopa, lakini niliona kwamba sasa mwenye amana amekuja na mambo yote yatakaa sawa. Alipokwenda nyuma ya banda kunawa uso, nikamfuata. Nikafungua uzi. Nikamwekea rota kiganjani.

"Aabo, sikumpatia mtu," nikamwambia. "Aliomba Ayeyo, akaomba Galgalo. Hata Hooyo aliomba."

Sikumbuki uso wake. Nakumbuka suruali yake. Aliketi chini kwenye oili na vumbi akiwa ameivaa, ile aliyokuja nayo kumzikia mkewe. Kisha akaniuliza, "Nani anajua?"

"Hakuna."

"Liban?"

"Hapana."

Akanishika mabega yote mawili. "Sikiza mimi. Hii kitu sikukupatia. Nilienda nayo Merti. Ilikuwa kwa mfuko yangu."

"Lakini Aabo, ulinipa mimi."

"Sikukupatia."

"Ulinipa! Na sikumpa mtu!"

"Ilikuwa kwa mfuko yangu," akasema, "na ukisema ingine nitakukasirikia mpaka nife."

Nikalia. Watu waliosikia walidhani namlilia Mama. Nililia kwa sababu Baba alikuwa ananinyang'anya ushindi wangu, mimi niliyefanya alichoshindwa Liban, mimi niliyemkatalia hata Hooyo. Nilimkasirikia Baba siku anamzika mke wake. Nilikaa na hasira ile kwa miezi mingi.

Akaenda kwenye turubai la wanaume, na kabla hata hajaketi akawaambia. Alisema ni yeye aliyetoa rota ya gari la mtu na kusafiri nayo, akamwacha mke mjamzito bila namna. Ndugu za Mama walikuwa pale. Mjomba wangu mkubwa alisimama, akatoka bila kumpa mkono, na wadogo zake wakamfuata. Hawakukanyaga kwetu tena. Sikukuu zilikuja na kupita, sisi watoto tulipelekwa kwao kusalimia, tukalishwa nyama na kupewa nguo mpya, lakini jina la Baba halikutajwa mezani. Mjini watu waliendelea kumsalimia. Salaam aleikum, aleikum salaam, na hapo basi. Ayeyo mwenyewe, mamake, alimpikia na kumfulia mpaka alipokufa, lakini nilimsikia mara moja akimwambia, "Gari ya watu ulipenda kuliko mtu yako." Baba alikuwa anakula, akaendelea kula.

Mwalimu Kirimi alikuja mwezi wa tisa, akiwa na koti lake. Alielezwa barabarani kabla hajafika. Alisimama mbele ya Pijo, ambalo Galgalo aliliacha vilevile chini na boneti wazi, akavua kofia.

"Fundi," akasema, "hii ni bati tu. Ningejua, ningekwambia uendeshe kila siku. Ungeipeleka hata kubeba mawe."

"Ilikuwa amana, Mwalimu," Baba akasema.

Mzee akalia waziwazi, kama wanavyolia wanaume waliosomesha watoto wengi na kuona mengi. Aliliendesha Pijo kurudi juu siku ileile, na hakuliteremsha tena. Nilisikia baadaye kwamba kutu ililila kwenye ukungu, naye akaliacha liliwe.

Nilielewa nikiwa na miaka kumi na mbili. Binti wa Galgalo alikuwa akijifungua nyumbani kwao, nikatumwa kupeleka maji, na mlangoni nikakutana na ile harufu. Ndoo niliiangusha. Nilikimbia mpaka kwa Baba, aliyekuwa chini ya lori, nikaona miguu yake tu imejitokeza. Nikaiambia ile miguu: "Aabo, ni mimi." Spana ilinyamaza. Nikangoja. Akasema kutoka kule chini, "Nilishakuambia ilikuwa wapi." Spana ikaanza tena kugonga.

Tangu hapo nilijaribu mara nyingi. Nilijaribu nilipomaliza shule, nikajaribu wiki ya harusi yangu. Kila mara alinijibu hivyo hivyo, bila ukali, kama mtu anayekumbusha mahali palipowekwa chumvi. Niliwahi kumuuliza muuguzi mmoja, rafiki yangu, nikijifanya ni kisa cha mtu mwingine, kama mama yule angepona kwa gari. Aliniuliza alitoka damu kwa muda gani. Nilimwambia. Akasema Mungu ndiye ajuaye. Muuguzi anayesema hivyo ameshakujibu. Na mimi nimekuwa mwoga maisha yangu yote, niseme ukweli. Ningeweza kwenda kwa wajomba peke yangu wakati wowote. Nauli nilikuwa nayo, miguu nilikuwa nayo. Nilijiambia namtii baba yangu, na utii ulinifaa sana, maana ulinipa mahali pa kujificha.

Baba amefariki mwaka huu, kwa ugonjwa mfupi, kitandani kwake. Tulimzika asubuhi. Alasiri Mjomba alikuja, mzee sasa, anashikiliwa mkono na mjukuu. Kwetu baada ya mazishi huulizwa kama kuna mtu ana kitu moyoni na marehemu, ili amwachilie aende mwepesi. Mjomba akaomba wamsimamishe.

"Mimi nilikuwa na kitu na huyu mtu," akasema. "Dada yangu alikufa kwa sababu yake, na mimi sikumsalimia miaka hii yote. Leo nimemsamehe. Mungu amsamehe na yeye."

Watu wakaitikia amin. Nami, niliyekaa na wanawake upande wa pili wa turubai, nikasimama. Sikupanga. Nilisikia sauti yangu ikisema hapana, asisamehewe, hakukosa. Nikasema rota alinipa mimi. Nikasema ilikuwa kiunoni kwangu, nikasema Ayeyo aliomba na Galgalo akaomba na Mama mwenyewe akaomba akiwa godoroni, nikawakatalia wote. Hata kumkonyeza nikakusema, mbele ya wanaume na wazee na shemeji zangu.

Mjomba alinitazama kwa macho yake yenye ukungu wa uzee. Kisha akatikisa kichwa polepole, na nikaona anatabasamu.

"Mnaona mtoto?" akawaambia watu. "Mnaona vile mtoto mzuri anafanya? Anataka kumbebea baba yake."

"Mjomba, ni kweli," nikasema.

"Ulikuwa mtoto wa miaka minane, binti. Nani anapatia mtoto wa miaka minane kitu kama hiyo?" Akageuka, akamtafuta Liban. "Wewe ulikuwa naye kwa lori. Sema."

Liban alikuwa ameketi karibu na mlango. Ndevu zake zimeanza mvi. Hakunitazama.

"Alikuwa nayo," akasema. "Tulisimama njiani kukunywa chai, akatoa leso apanguse uso, ikaanguka kwa mchanga. Mimi ndio niliokota. Akasema, ai, nimesahau kuacha hii kitu nyumbani."

Aliisema moja kwa moja, bila kusita, na chai na leso na mchanga vyote vikiwa mahali pake. Mtu hatungi kitu kama kile papo hapo. Alikuwa amefundishwa na Baba akiwa na miaka kumi na moja, na alikuwa amekitunza. Yaani alijua rota ilikuwa kwa nani. Siku zote nilipomwita daktari wa Ayeyo baada ya pale, na nilimwita hivyo mpaka tukawa watu wazima, alikuwa anajua, na alikuwa anacheka nami.

Mjomba akainua mikono kuomba dua, na watu wote wakainua mikono yao.